Kinachowekwa Mizanini

Mizani ya kwanza ambayo wengi wetu tulipandishwa haikuwa ya kusimamia. Ilikuwa ya kuning'inia, uso wake wa duara kama saa ya ukutani, imefungwa kwenye boriti ya zahanati au tawi la mwembe. Mtoto alitumbukizwa katika mfuko wenye matundu mawili ya miguu, akalia hadi muuguzi aliposoma namba. Namba ikawa nukta kwenye kadi, nukta zikaungwa kwa mstari, na mama ambaye mstari wa mwanawe umepanda alirudi nyumbani na moyo mweupe. Mstari ukilala, aliulizwa maswali. Hivyo ndivyo Afrika Mashariki ilivyoizoea mizani: chombo cha kushangilia ongezeko.

Hili hunijia kila ninaposoma habari za miradi ya kijamii inayowaalika watu wale vizuri na wapunguze uzito ili mioyo yao idumu. Miradi hiyo imeenea duniani na kwa juu juu inafanana: mikutano, vipimo, mapishi, matembezi ya alfajiri. Lakini kila jamii imeweka kitu chake mizanini. Kuna waliompima mtu, kuna waliopima kijiji, na kuna waliopima supu wakamwacha mnywaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkoa wa Karelia ya Kaskazini, mashariki mwa Ufini, ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo wanaume walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo duniani. Walikuwa watu wa kazi ngumu, wakata miti na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Siagi ilipakwa nene juu ya mkate, maziwa yalinywewa na mafuta yake yote, na mboga wengi waliziona chakula cha mifugo. Januari 1971 wawakilishi wa mkoa walitia saini ombi kwa serikali yao wakitaka msaada. Sioni jambo kubwa kuliko hilo katika historia nzima ya mradi huu: wenye kufiwa ndio waliobisha hodi. Mwaka uliofuata kazi ilianza, ikiongozwa na Pekka Puska, daktari ambaye hakuwa ametimiza miaka 30.

Timu yake iliwaendea akina mama wa chama cha Martha, chama kilichoasisiwa 1899 na chenye matawi vijijini. Wakaandaa mikusanyiko iliyoitwa jioni za maisha marefu: hotuba fupi, kisha chakula kilichopikwa na wanawake wenyewe. Karjalanpaisti, mchuzi wa nyama unaochemka polepole ndani ya jiko na ambao ndio fahari ya mkoa ule, haukupigwa marufuku. Ulipunguzwa mafuta na chumvi, ukaongezwa viazi, karoti na mboga nyingine za mizizi. Baadaye vijiji vilishindanishwa kupunguza lehemu katika damu, na zawadi ilikwenda kwa kijiji. Wafugaji waliokuwa na hofu ya kupoteza soko la siagi walisaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo ya nchi za baridi. Kwa miongo iliyofuata vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Si chakula peke yake kilicholeta hayo; sigara zilipungua na shinikizo la damu lilitibiwa. Lakini sufuria ilikuwa na fungu lake, na fungu kubwa.

Marekani ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Mwaka 1961 Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, jijini New York, alianza kuwakusanya marafiki sebuleni kwake ili wasaidiane kupunguza uzito. Yeye mwenyewe alikuwa na takriban kilo 97. Mwaka 1963 mikutano hiyo ikawa kampuni, Weight Watchers, na sura yake ikaenea dunia nzima: unaingia, unapanda mizani, namba yako inaandikwa, unakaa, unasikiliza wenzako wakieleza juma lao lilivyokwenda. Kikundi kipo, na upendo wa kikundi ni wa kweli. Lakini kinachopimwa ni mtu mmoja, na ushindi ni wake. Aliyewahi kuhudhuria ibada ya ushuhuda atautambua mtindo huu mara moja. Mtu anasimama mbele ya wenzake, anakiri alikokuwa, anaeleza alikofika.

Haishangazi basi kwamba makanisa ya Marekani yaliupokea kwa mikono miwili. Mwaka 2011 kanisa la Saddleback, California, lilianzisha mpango uliopewa jina la nabii Danieli, yule kijana aliyekataa vyakula vya mfalme wa Babeli. (Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, Union Version, atakumbuka kwamba Danieli wetu aliomba mtama na maji, pale ambapo tafsiri za wengine zinasema mboga. Watafsiri walimpa nafaka ambayo mkulima wa Dodoma anaijua.) Huko nako wahusika walikutana katika vikundi vidogo, wakaombeana, wakala pamoja, na kila mmoja akabeba hesabu yake mwenyewe.

Nadhani tunakosea tunapoudharau mtindo wa Kimarekani kwa kuuita wa kibinafsi. Una heshima yake. Unamwamini mtu wa kawaida, bila cheo wala shahada, kwamba anaweza kuyashika maisha yake na kuwafundisha wengine. Mfini alisema, "Tubadilishe kijiji, mtu atabadilika ndani yake." Mmarekani alisema, "Nianze mimi, na aliye jirani ataniona." Udhaifu wa njia ya pili unajulikana: mtu anarudi nyumbani kwenye kabati lilelile, duka lilelile, meza ileile, na kilo zinarudi. Ila udhaifu huo ni wa mazingira. Nia ya mtu haina lawama hapo.

Nagano ni mkoa wa milima katikati ya Japani, na huko ugonjwa uliotisha ulikuwa kiharusi. Baridi ni kali, na mboga za msimu wa theluji ziliwekwa katika chumvi ili zidumu. Supu ya miso, yenye chumvi vilevile, ilinywewa kutwa. Mwaka 1945 daktari Toshikazu Wakatsuki alifika katika hospitali ya Saku, akagundua kwamba wanakijiji hawaji mpaka wamechelewa. Yeye na wenzake wakaanza kuwafuata vijijini, na baada ya kuwapima waliwachezea michezo ya kuigiza juu ya afya. Katika mkoa huohuo kulikua utamaduni wa wahudumu wa kujitolea, wengi wao wanawake, waliopokezana zamu. Kampeni ya kupunguza chumvi ilipopamba moto katika miaka ya 1980, walipita nyumba kwa nyumba na kifaa kidogo cha kupima chumvi wakakitumbukiza katika bakuli la supu.

Mgeni anaingia jikoni kwako, hakuulizi una kilo ngapi, hakuambii umenenepa. Anaipima supu. Supu haioni aibu. Nawe kesho utatia miso kidogo na mboga nyingi, kwa sababu umeiona namba, na kwa sababu mwakani huenda ukawa wewe mwenye kushika kifaa. Mwaka 2010 Nagano iliongoza mikoa yote ya Japani kwa umri wa kuishi, wanaume kwa wanawake. Uzito wa mtu haukuwa kiini cha habari hiyo.

Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ilikwenda mbali zaidi: ilipima mafuta ya kupikia ya nchi nzima. Kuanzia 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya bei nafuu yaliyokuwa yakiuzwa kwa wananchi, kutoka yale yaliyotokana zaidi na mawese hadi ya soya. Hakuna aliyelazimika kuhudhuria mkutano. Katika miaka 5 wastani wa lehemu katika damu ulishuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Na katika miaka hiyohiyo unene wa kupindukia uliongezeka. Chupa ilibadilika, lakini sahani ilizidi kujaa, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa lolote juu ya sahani.

Tonga, katika Pasifiki, inatugusa zaidi kwa sababu huko, kama kwetu, mwili mkubwa ni heshima. Mfalme Taufa'ahau Tupou IV aliwahi kuwa na zaidi ya kilo 200. Katika miaka ya 1990 alifanya mazoezi hadharani, akapungua sana, na mashindano ya kupunguza uzito yakafanyika nchini. Mfano wa mfalme una nguvu ambayo hakuna bango linaloweza kuifikia. Hata hivyo washiriki wengi waliacha njiani, na mbavu za kondoo zenye mafuta kutoka New Zealand ziliendelea kushuka bandarini.

Kwetu, kumwambia mtu amenenepa bado ni salamu njema, na kumwambia amekonda ni kumuuliza anaumwa nini. Maana hiyo iliongezewa jeraha. Wilayani Rakai, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa usiojulikana uliitwa "Slim", kwa kuwa uliwamaliza watu mwili kabla ya kuwaua. Kwa kizazi kizima, kuanzia Kagera hadi Kampala, kupungua uzito kulikuwa ndiyo habari mbaya yenyewe. Mhamasishaji anayesimama leo mbele ya watu wa umri wangu na kuwataka wapungue anasema na watu waliozika ndugu zao wakiwa wepesi kubeba. Ajue hilo kabla ya kufungua kinywa.

Pengine ndiyo maana vuguvugu letu lenye uhai halianzi na mizani. Linaanza na mbio. Kigali tangu 2016 hufunga barabara kwa magari baadhi ya Jumapili ili watu watembee na kukimbia, na vipimo vya afya hutolewa palepale. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Ila vikundi vya jogging vya Dar es Salaam havikuhitaji tangazo la serikali. Ni watoto wa mchakamchaka wa shuleni: safu mbili, filimbi, kiongozi anaimba na wengine wanaitikia, fulana za rangi moja. Vikundi hualikana, huchangiana msibani, husimama pamoja harusini. Kama Martha wa Ufini, vilikuwapo kwa sababu nyingine kabla afya haijaviomba kazi.

Tofauti ipo mwishoni mwa mbio. Jumamosi moja nilikimbia na kikundi cha Mbagala hadi jasho likanitoka kisogoni, na tulipomaliza wenyeji walitukaribisha supu ya ng'ombe yenye utando wa mafuta unaong'aa, chapati zilizokaangwa, na kikopo cha chumvi kikipita mkono kwa mkono. Sikuona vibaya ukarimu ule. Mgeni hupewa kilicho bora. Niliona tu kwamba kikundi kimeipa afya miguu, na sufuria imebaki nje ya uanachama. Ilhali mpishi wa pwani ana ujuzi ambao Wafini walilazimika kuutafuta. Anajua kutenga kasimele na tui la pili, anajua ndimu inavyoweza kuziba pengo la chumvi, anajua mchicha unavyobeba nazi kidogo na bado ukalika.

Nilimfuata aliyetupikia, mama mmoja mwenye kanga kiunoni, nikamuuliza kama kikundi kimewahi kukaa naye kuzungumza juu ya supu yake.

"Wananiambia nyama chache, kaka yangu," alisema huku akikusanya mabakuli. "Chumvi hakuna aliyewahi kuniuliza. Wakiniuliza, ninapunguza."