Nasaba ya Mizabibu: Jinsi Vinasaba Vinavyofunua Wazazi wa Zabibu za Divai

Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yaagiza kwamba divai ya Ekaristi Takatifu iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kanuni hiyo haitaji aina ya mzabibu. Hata hivyo aina za mizabibu ni maelfu, na kwa karne nyingi wakulima, wakiwemo watawa wa monasteri za Ulaya, walizitunza bila kujua zilivyozaliwa. Ni tangu miaka ya 1990 ambapo uchunguzi wa vinasaba umewezesha kuandikwa kwa kitabu cha ukoo wao.

Kwa nini asili ilifichika

Mkulima wa zabibu kwa kawaida hapandi mbegu. Hukata kipande cha tawi na kukiotesha au kukipandikiza, na mche unaochipuka huwa na vinasaba vilevile vya mti uliokatwa. Mbegu, kinyume chake, huchanganya urithi wa mama na wa baba, na mche wake huwa kiumbe kipya. Aina nyingi mashuhuri zilizaliwa hivyo: chavua ilitoka mzabibu mmoja ikafika mwingine, mbegu ikaota, mkulima akaupenda mche na kuuzidisha kwa matawi. Hapakuwa na shahidi wa kuandika wazazi. Tena majina yalibadilika kutoka kijiji hadi kijiji, hata aina moja ikawa na majina mengi.

Namna ya kuchunguza

Mzabibu wa divai una jozi 19 za kromosomu. Katika kila jozi moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Zipo sehemu za vinasaba ambamo mfuatano mfupi hujirudia kama shanga katika uzi, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya aina na aina. Watafiti hupima sehemu hizo. Katika kila sehemu, mtoto sharti awe na kipimo kimoja kinachopatikana kwa mama na kingine kinachopatikana kwa baba. Kulingana katika sehemu moja kwaweza kuwa bahati tu. Kulingana katika makumi ya sehemu ni ushahidi mzito. Ili kumtambua mama, huchunguzwa vinasaba vya kloroplasti, ambavyo mzabibu huvirithi kwa mama.

Mwaka 1997, John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba Cabernet Sauvignon, zabibu nyeusi maarufu ya Bordeaux, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Zabibu nyeusi ilikuwa na mzazi mweupe.

Mzazi aliyedharauliwa

Mwaka 1999 watafiti hao, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walitangaza jambo la kushangaza zaidi. Chardonnay, Gamay na aina nyingine 14 za kaskazini mashariki mwa Ufaransa ni watoto wa wazazi wawili walewale: Pinot, iliyoheshimiwa, na Gouais Blanc, iliyodharauliwa. Gouais ilihesabiwa kuwa zabibu ya maskini, na mara kadhaa mamlaka za maeneo ziliipiga marufuku. Uchunguzi wa baadaye wa kloroplasti ulionyesha kwamba Gouais ndiyo mama wa Chardonnay.

Laiti marufuku hizo zingetimizwa kikamilifu, mama huyo angeng'olewa pasipo yeyote kujua nani alikuwa mtoto wake. Lakini Gouais ilisalia, na imehifadhiwa katika hazina ya mizabibu ya Vassal, kusini mwa Ufaransa. Hapo ndipo faida ya hazina kama hizo inapoonekana. Mizabibu iliyozidishwa kwa matawi ina udhaifu uleule, hivyo ugonjwa unaoupata mmoja waweza kuipata yote. Watafutao aina zenye kuustahimili hurejea kwa aina za kale zisizopendwa.

Mbegu ya Orléans

Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa mbegu iliyofukuliwa Orléans, yenye umri wa takribani miaka 900, ina vinasaba sawa na vya Savagnin Blanc inayolimwa hadi leo. Maana yake, mzabibu uleule umepitishwa kutoka mkono hadi mkono, tawi kwa tawi, tangu enzi za kati. Savagnin ni mzazi mmojawapo wa Chenin Blanc, ambayo leo yalimwa pia Dodoma. Hivyo mkulima wa Dodoma anapopogoa Chenin Blanc yake, anashika tawi la ukoo huo wa kale.

Sayansi haiongezi kitu katika fumbo la Ekaristi. Lakini yatukumbusha kwamba Kanisa, likidai tunda la mzabibu tu, halikudai mzabibu wa kifahari. Na kwamba anayeng'oa kwa dharau hajui anang'oa mzazi wa nani. Asomaye sura ya 15 ya Injili ya Yohane, juu ya mzabibu na matawi, na akumbuke pia subira ya mikono iliyolihifadhi kila tawi.