Jicho Hufundishika: Historia ya Kozi ya Awali ya Bauhaus

Kuna imani iliyozoeleka kwamba kupanga mistari, maumbo na rangi juu ya karatasi ni kipaji tu: aliyejaliwa amejaliwa, na asiyejaliwa atafute kazi nyingine. Historia ya usanifu wa michoro inaipinga imani hiyo. Mwaka 1919 msanifu majengo Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, na mwaka huohuo akamwita Johannes Itten, Mswisi aliyesomea ualimu wa shule za msingi kabla ya kuwa mchoraji. Itten ndiye aliyeunda kozi ya awali ya miezi sita, ambayo haikuchukua muda ikawa ya lazima kwa wanafunzi kabla ya kuingia karakana yoyote, iwe ya chuma, ya mbao au ya ufumaji. Hawakuanza kwa kunakili sanamu za kale, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vingi vya sanaa Ulaya. Walianza na tofauti: nuru na giza, kubwa na dogo, laini na lenye kukwaruza, mpaka jicho likajua kwa nini umbo moja hujitokeza na jingine hufifia.

Itten alipoondoka mwaka 1923, kozi ilishikwa na László Moholy-Nagy kutoka Hungaria pamoja na Josef Albers, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Albers aliwapa wanafunzi magazeti ya kawaida, akawataka wayakunje na kuyakata wapate umbo jipya bila kupoteza karatasi. Wakati huo wachoraji Paul Klee na Wassily Kandinsky walifundisha hapohapo shuleni jinsi nukta inavyosogea ikawa mstari, na mstari unavyosogea ukawa eneo bapa. Mafunzo yao yakachapishwa katika vitabu mwaka 1925 na 1926. Ujuzi uliodhaniwa kuwa siri ya wachache ulikuwa umegawanywa katika mazoezi madogo, ambayo kila mmoja angeweza kuyafanya na kuyarudia.

Yupo atakayesema kwamba Bauhaus haikuvumbua jambo hili. Ni kweli. Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwafundisha kwa vipande vya mbao vyenye maumbo sahili, na huko Marekani Arthur Wesley Dow alichapisha mwaka 1899 kitabu cha mpangilio wa picha kilichojengwa juu ya mstari, giza na nuru, na rangi. Lakini ukweli huu unaipa hoja nguvu zaidi. Ikiwa mizizi ya kozi ile imo katika malezi ya watoto, basi haikukusudiwa wateule.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda kinachoitwa msingi ni ladha ya Ulaya iliyovikwa joho la sheria. Mwaka 1923 Kandinsky aligawa dodoso pale shuleni, akiomba watu waoanishe pembetatu, mraba na duara na rangi ya njano, nyekundu na buluu. Wengi walikubaliana naye, ila waliojibu walikuwa wanaishi katika mazingira ya mafundisho yaleyale. Sheria ya ulimwengu mzima haithibitishwi hivyo. Hata hivyo, dawa ilitoka katika mkondo huohuo. Bauhaus ilipofungwa mwaka 1933, Albers alihamia Marekani, na mwaka 1963 akachapisha kitabu chake kuhusu namna rangi zinavyoathiriana. Mwanafunzi wake hakuambiwa nyekundu ina maana gani. Aliweka kipande kilekile cha karatasi juu ya mandhari mbili tofauti, akaona mwenyewe kikigeuka kama rangi mbili. Sheria humtaka mtu akubali, zoezi humtaka aangalie, na kilichodumu katika urithi wa Bauhaus ni zoezi.

Ndiyo maana shule zinazofundisha usanifu leo zinakosea zinapompeleka mwanafunzi kwenye kompyuta siku ya kwanza. Programu humpa mamia ya herufi na rangi, lakini haimfundishi kuona kwamba maandishi yake yamezama katika mandhari au kwamba nafasi tupu imeachwa pasipostahili. Mkasi, karatasi na wiki chache za kulinganisha vitamfundisha hayo kwa gharama ndogo, na shule isiyo na fedha nyingi haina sababu ya kumnyima.