Nani atasimamia mali yako ukifariki? Mwongozo kwa wakimbizi nchini Uganda

Mkimbizi pia ana mali. Mbuzi wawili, mabati ya nyumba, akiba katika kikundi, pesa kwenye simu, mahindi yaliyo ghalani, pikipiki ya bodaboda: vyote hivyo ni mali. Ukifariki, lazima mtu avikusanye, alipe madeni yako na kuwapa wanaohusika haki yao. Usipomchagua mtu huyo wewe mwenyewe, watamchagua wengine, na mara nyingi anayefika kwanza ndiye anayechukua.

Makala hii inaeleza namna ya kumchagua msimamizi wa wosia wako. Waislamu humwita wasii.

Msimamizi wa wosia ni nani?

Ni mtu unayemtaja katika wosia ili atekeleze maneno yako baada ya kifo. Mali si yake. Anaishika kwa ajili ya wengine. Kazi zake ni hizi:

- kutoa taarifa ya kifo na kufuatilia cheti cha kifo kwa NIRA, ofisi inayosajili vizazi na vifo;
- kupeleka wosia mahakamani ili apewe hati ya kuusimamia;
- kukusanya mali na kudai pesa ulizowakopesha watu;
- kulipa gharama za mazishi na madeni;
- kugawa kinachobaki kama ulivyoandika.

Sheria ya Urithi ya Uganda inamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 tangu apewe hati, na hesabu ya alivyoitumia ndani ya mwaka 1. Kwa hiyo chagua mtu anayeweza kuandika hesabu na kutunza risiti, au aliye na mtu mwaminifu wa kumsaidia.

Usipoacha wosia

Kama umeacha mume au mke, watoto, ndugu waliokutegemea na mrithi wa kimila, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inagawa hivi: watoto asilimia 75, mume au mke asilimia 20, ndugu wanaokutegemea asilimia 4, mrithi wa kimila asilimia 1. Sheria hiyo pia inalinda nyumba ya familia: kumfukuza mjane au watoto katika nyumba waliyoishi na marehemu ni kosa. Shemeji anayekuja kufunga mlango siku ya matanga hana ruhusa hiyo, hata akisema ndiyo desturi ya kwetu.

Mtu wa kumchagua

Anaweza kuwa mke au mume wako, mtoto wako aliyefikia utu uzima, ndugu, jirani au kiongozi wa dini. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Anayerithi pia anaweza kuwa msimamizi. Kabla ya kuamua, jiulize:

1. Je, ni mwaminifu kwa pesa? Angalia alivyoshika pesa za kikundi au za kanisa au msikiti.
2. Je, watoto wako wote watamkubali, pamoja na wale wa mama mwingine?
3. Je, ana deni kwako, au mnagombania kitu?
4. Je, ana nguvu na muda wa kwenda ofisini mara nyingi?
5. Je, atakuwepo?

Swali la tano ni zito kwetu wakimbizi. Mtu unayemwamini leo anaweza kupelekwa Kanada, kurudi nyumbani, au kuhamia Kampala. Akiwa mbali, hawezi kuhesabu mbuzi wala kusimama mbele ya hakimu. Kwa hiyo taja watu wawili: wa kwanza, na wa pili atakayeshika kazi ikiwa wa kwanza hayupo, amefariki au amekataa. Mmoja wao akipata safari, badilisha wosia mapema.

Zungumza naye kwanza. Sheria haimlazimishi mtu kukubali kazi hii. Mweleze madeni yako, mwonyeshe mahali unapoweka karatasi, na umtaje mbele ya familia ili asije akaitwa mwizi. Usimpe namba ya siri ya simu yako. Kwa pesa zilizobaki kwenye simu, kampuni inaweza kudai cheti cha kifo na hati ya mahakama.

Namna ya kuandika

Andika kwa lugha unayoielewa. Taja jina lako kama lilivyo kwenye atestesheni ya familia, kwa sababu herufi zikitofautiana ofisi zinaweza kukusumbua. Weka tarehe na sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi mbele yako katika kila ukurasa, pamoja na majina na mahali wanapoishi. Anayerithi asiwe shahidi, wala mume au mke wake, maana anaweza kupoteza alichoachiwa.

Kama una watoto wadogo, taja pia mlezi. Msimamizi na mlezi wanaweza kuwa watu wawili tofauti: mmoja anashika mali, mwingine analea.

Mambo ambayo wosia hauwezi kufanya

Ploti uliyopewa katika makazi ni ya kutumia tu. Huruhusiwi kuiuza wala kuikodisha, na huwezi kuirithisha kama mali yako. Familia inayobaki iende kwa kamanda wa makazi katika ofisi ya OPM kueleza kwamba bado inaishi na kulima hapo. Wenyeji wenye ardhi yao wenyewe, pamoja na hati au ushahidi wake, wao wanaweza kuiandika katika wosia.

Nyumba au shamba uliloacha Kongo, Burundi au Sudan Kusini hufuata sheria ya nchi lilipo. Liandike pamoja na mipaka yake na majina ya majirani wanaolijua, lakini msimamizi atahitaji kufuata utaratibu wa huko.

Kwa Muislamu anayefuata sharia, wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi wa halali haongezewi kwa wosia bila warithi wenzake kukubali.

Wapi kupata msaada

Anza kwa kiongozi wa RWC au dawati la ulinzi karibu nawe, uulize siku wanasheria wanapofika. Refugee Law Project ni mojawapo ya mashirika yanayowasaidia wakimbizi kisheria bila malipo. Wenyeji waanze kwa mwenyekiti wa LC1. Wosia ukikamilika, acha nakala moja kwa msimamizi na nyingine kwa mtu asiyerithi kitu.