Nasadiki, sala iliyochelewa kufika Roma

Februari 1014, mfalme wa Wajerumani, Henri II, alikuwa Roma kuvikwa taji la ukaisari na Papa Benedikto VIII. Katika Misa jambo moja lilimshangaza: Injili ilipokwisha kusomwa, Waroma hawakuimba Nasadiki, yaani ungamo la imani. Kwao Henri, kaskazini ya milima ya Alpi, ilikuwa imezoeleka kwa miaka zaidi ya mia mbili. Akauliza sababu. Mapadre wakamjibu kwamba Kanisa la Roma halijawahi kuchafuliwa na uzushi, basi halina haja ya kuungama imani yake kila mara. Habari hii ametuachia Berno, abate wa Reichenau, aliyekuwapo. Kaisari hakuridhika na jibu hilo. Alishikilia mpaka Papa akakubali.

Jibu la mapadre wale lina majivuno kidogo, lakini historia iko upande wao. Karibu kila mahali Nasadiki ilipoingia katika Misa, iliingia kwa sababu palikuwa na ugomvi na mtu fulani.

Kwanza haikuwa ya Misa hata kidogo. Ilikuwa ya ubatizo. Katika karne za mwanzo mbatizwa alisimama majini akaulizwa mara tatu: unamsadiki Baba, unamsadiki Mwana, unamsadiki Roho Mtakatifu? Kila alipojibu alizamishwa. Baadaye maneno hayo yakawa ungamo moja ambalo mkatekumeni alifundishwa kwa mdomo siku za mwisho za maandalizi. Sirili wa Yerusalemu, yapata mwaka 350, aliwakataza wakatekumeni wake kuliandika kwenye karatasi. Walitakiwa kulikariri na kulihifadhi moyoni. Wakati huo wasiobatizwa waliondoka kanisani baada ya mahubiri. Waliobaki kwa Ekaristi wote walikuwa wamekwisha kuungama. Kwa nini waungame tena kila Dominika?

Uzito wa kuungama mara moja tu maishani unaonekana vizuri katika kisa anachosimulia Augustino kuhusu Marius Victorinus. Huyu alikuwa mzaliwa wa Afrika, mwalimu wa ufasaha aliyetukuka mjini Roma hata akachongewa sanamu. Uzeeni, kama mwaka 355, aliomba ubatizo. Mapadre, kwa kumstahi, walimpa nafasi ya kuungama faraghani, kama walivyofanyiwa watu wenye haya. Alikataa. Alisema ufasaha ameufundisha hadharani ingawa haukuwa na wokovu ndani yake, basi wokovu wenyewe auonee haya? Alipopanda mahali palipoinuka mbele ya waamini, jina lake lilipita kutoka mdomo hadi mdomo kanisa zima.

Lakini Nasadiki tunayosali Dominika haitokani na ubatizo peke yake. Ina alama za mabishano, na mabishano yenyewe yalianzia Afrika. Ario, padre wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, ila kiumbe. Alijua kuufikisha ujumbe: inasemekana alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, mafundisho yake yakapita bandarini yakiimbwa. Askofu wake, Alexander, alimtenga, lakini moto ulikuwa umekwisha kuenea. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, mji ambao leo ni Iznik, Uturuki. Papa Silvesta hakwenda, alituma mapadre wawili. Mtaguso ulitamka kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa, na ana asili moja na Baba. Maaskofu wawili walikataa katakata kutia sahihi, Secundus na Theonas, wote wa Libya.

Ingekuwa hadithi nzuri kama mambo yangeishia hapo. Hayakuishia. Atanasi, aliyekuwa shemasi wa Alexander kule Nisea na kisha mrithi wake, alifukuzwa jimboni mara tano. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa, na Eusebius wa Nicomedia, rafiki wa Ario. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio uliothibitisha tena imani ya Nisea na kueleza zaidi juu ya Roho Mtakatifu. Miaka michache kabla yake, Basili wa Kaisarea alikuwa ametetea kwamba Roho anastahili kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, na hoja yake mojawapo ilikuwa sala yenyewe: hivi ndivyo tunavyobatiza na kusali tangu zamani. Kwangu hoja hiyo ina nguvu kuliko kurasa nyingi za falsafa ya Kiyunani.

Safari ya kuingia katika Misa ilianzia Mashariki. Konstantinopoli waliisema Nasadiki mara moja kwa mwaka, askofu alipowafundisha wakatekumeni Ijumaa Kuu. Mwanzoni mwa karne ya 6 Patriarki Timotheo aliamuru isemwe katika kila ibada, ili mtangulizi wake aonekane kama mtu asiyeijali imani ya Nisea. Lilikuwa pigo la kisiasa, na desturi ikabaki.

Hispania sababu ilikuwa nyingine. Wagothi wa Magharibi walioitawala walikuwa wafuasi wa Ario kwa vizazi. Mfalme wao Reccared alipoingia Ukatoliki, mtaguso wa Toledo wa mwaka 589 uliagiza Nasadiki isemwe katika Misa kabla ya Baba Yetu, watu wote wasikie na kusema. Katika nchi za Magharibi ndipo lilipoenea pia ungamo kwamba Roho Mtakatifu anatoka kwa Baba "na Mwana". Nyongeza hiyo, ambayo haikuwamo katika andiko la mitaguso, ilifika hadi ikulu ya Karolo Mkuu, mtawala wa Wafranki, kule Aachen.

Mwaka 810 wajumbe wa Karolo walimtaka Papa Leo III aikubali. Fundisho alilikubali, kuligusa andiko la mitaguso alikataa. Akaamuru Nasadiki ichorwe kwenye ngao mbili za fedha, moja Kiyunani na nyingine Kilatini, bila nyongeza, zikatundikwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Miaka 200 baadaye Roma ikaipokea hata hivyo, na mwaka 1054 jambo hilo lilikuwa kati ya yale waliyorushiana Roma na Konstantinopoli walipotengana.

Leo Wakatoliki wanaosali Kiyunani hawaitamki nyongeza hiyo. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II na Patriarki Bartholomew wa Konstantinopoli waliungama pamoja mjini Roma kwa Kiyunani, bila maneno "na Mwana". Novemba 2025, Nisea ilipotimiza miaka 1,700, Papa Leo XIV alikwenda Iznik kusali na patriarki huyohuyo.