Umangimeza
Neno umangimeza, ambalo Watanzania hulitumia kwa maana ya uendeshaji wa ofisi unaojali ngazi na taratibu kuliko kazi yenyewe, limeundwa kwa maneno mawili: mangi, yaani mtawala wa jadi wa Wachagga, na meza, lililotoholewa kutoka Kireno. Kisawe chake, urasimu, hutaja mfumo tu. Umangimeza humtaja mtu na kumlaumu, na hapo ndipo penye ubora wake. Mashirika makubwa ya leo yanalihitaji mno neno hili. Septemba 2024, Andy Jassy, mkurugenzi mtendaji wa Amazon, aliwaandikia wafanyakazi kuhusu vikao vya kuandaa vikao vya kuandaa kikao cha uamuzi, na kuhusu msururu wa mameneja wanaotaka kupitia kila jambo kabla halijasonga mbele, akaagiza uwiano wa wafanyakazi wasio mameneja kwa mameneja uongezwe kwa angalau asilimia 15. Anayeumia hasa ni mfanyakazi wa chini, ambaye hushinda vikaoni akimweleza meneja wa tatu kazi ileile, kisha huifanya usiku.