Skizofrenia: Ubongo huwa na tofauti mapema, ila picha pekee haitoshi

Kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mtaani Kihesa, Iringa, hawakosekani wa kusema karogwa. Huenda ni skizofrenia, ugonjwa unaogusa ubongo.

Picha za MRI za wagonjwa wapya zinaonyesha kuwa, kwa wastani, nafasi zenye majimaji ndani ya ubongo ni kubwa kidogo kuliko kawaida. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ni ndogo kidogo.

Lakini picha pekee haithibitishi ugonjwa, maana ubongo wa watu wazima wa afya nao hutofautiana. Daktari huangalia dalili na kuwasikiliza ndugu.

Msisubiri azidiwe. Anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Akiwahi dawa, nafuu huja mapema.