Picha Haina Upande: Kamera na Mapambano ya Wamarekani Weusi

Kila ninapofundisha historia ya mapambano ya Wamarekani weusi, hakosi mwanafunzi wa kuniambia kwamba siku hizi dhuluma haiwezi kudumu, kwa kuwa kila mtu ana kamera mfukoni. Hoja hiyo inavutia, lakini historia haiiungi mkono. Kamera iliwahi kuwatumikia wadhalimu vilevile ilivyowatumikia wanyonge.

Tuanzie mji wa Waco, Texas, mwaka 1916. Kijana mweusi aliyeitwa Jesse Washington alihukumiwa baada ya kesi fupi mno, akaburutwa nje ya mahakama na kuchomwa moto mbele ya maelfu ya watu. Mpigapicha wa mjini alikuwepo, na picha zake ziliuzwa kama kadi za posta, ukumbusho wa siku hiyo. Chama cha NAACP kilimtuma mpelelezi, naye akarudi na picha zizo hizo. Mwezi Julai mwaka huohuo W.E.B. Du Bois alizichapisha katika jarida la The Crisis ili kuishtaki nchi nzima. Mwili ulikuwa uleule na umati uleule. Kilichobadilika ni maneno yaliyoandamana na picha na mikono iliyoisambaza.

Mwaka 1955 uamuzi wa namna hiyo ulimwangukia mama mfiwa. Emmett Till, mwenye umri wa miaka 14, alitoka Chicago kwenda kuwatembelea jamaa zake Mississippi, akatekwa, akauawa na kutupwa mtoni. Mama yake, Mamie Till, aliagiza jeneza liachwe wazi ili watu wauone uso ulioharibiwa wa mwanawe. Jarida la Jet, lililomilikiwa na Wamarekani weusi, likachapisha picha hiyo. Hata hivyo, mwezi Septemba baraza la wanaume weupe 12 liliwaachia huru washtakiwa wawili baada ya kujadiliana kwa takriban saa moja. Mwaka uliofuata wawili hao walilisimulia jarida moja, kwa malipo, jinsi walivyomuua. Picha haikumtia yeyote hatiani. Iliwaamsha vijana weusi wa kizazi kile, ambao miaka michache baadaye walijaa katika migomo na maandamano.

Ndiyo maana Selma haikuwa bahati. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji wapatao 600 walipigwa kwa virungu na kurushiwa gesi ya machozi kwenye daraja la Edmund Pettus. Usiku ule televisheni ya ABC ilikatiza filamu kuhusu kesi za Wanazi ili kuonyesha kipigo hicho. Lakini waandamanaji walikuwa na vyama, viongozi, mawakili na dai moja lililoeleweka: haki ya kupiga kura. Hasira ya watazamaji ilikuta njia imekwisha kuchimbwa. Tarehe 6 Agosti mwaka huo Rais Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Linganisha na Los Angeles. Mwezi Machi 1991 mkazi mmoja alirekodi kwa kamera ya video polisi wakimpiga Rodney King. Dunia nzima iliona, na wengi wakadhani kesi imekwisha. Mahakamani mawakili wa polisi waliichukua video ileile, wakaipunguza kasi na kuikatakata picha moja moja, wakatoa maelezo kwa kila pigo. Tarehe 29 Aprili 1992 hakuna askari hata mmoja aliyetiwa hatiani. Machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 50, na ilibidi kesi nyingine ya serikali kuu, mwaka 1993, ndipo askari wawili wakahukumiwa.

Sasa tufike Minneapolis, Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba George Floyd alionekana kuwa na tatizo la kiafya, kisha akafariki hospitalini. Goti shingoni halikutajwa. Njia ya mwongo ni fupi: msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amerekodi yote kwa simu yake. Aprili 2021 Derek Chauvin alitiwa hatiani kwa mauaji. Lakini muswada wa kurekebisha polisi uliobeba jina la Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi ukakwama katika Seneti. Video ilitosha kumhukumu Chauvin; haikutosha kuupitisha muswada huo.

Ndugu msomaji, kwa mwanaharakati somo ni kwamba kurekodi ni mwanzo wa kazi. Lazima awepo wa kuitunza picha, wa kuieleza na wa kuifikisha mahali panapotolewa uamuzi. Kwa mtumishi wa umma somo ni zito zaidi: taarifa ile ya Minneapolis iliandikwa na mtu aliyetekeleza wajibu wake wa kazi. Laiti msichana yule angepita njia nyingine, hiyo ndiyo ingebaki kuwa historia.